Chubwi! Maneno ya kwanza kwenye beseni la maji

Mwanangu wa pili alipofikisha miezi 22 alikuwa na maneno matano, na hapo nimehesabu kwa huruma. "Mama" lilikuwemo, "nyonyo" lilikuwemo, na lilikuwepo "uu" lililobeba kila kitu kingine, kuanzia maji ya kunywa hadi paka wa jirani. Dada yake kwa umri huo alikuwa anasuta watu. Ushauri haukukosekana. Mama mkwe alisema babake naye alichelewa, niache kiherehere. Jirani alisema apelekwe akakatwe kamba ya chini ya ulimi. Shoga yangu wa kazini akaja na jibu la kisasa: mwekee nyimbo za watoto za Kiingereza kwenye simu, utamsikia mwenyewe. Nikamwekea. Baada ya miezi miwili alikuwa bingwa wa kuruka matangazo kwa kidole, na maneno yake yalikuwa matano yaleyale.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu ya jambo hili na kuwachosha wauguzi kwa maswali. La kwanza nililojifunza ni kwamba tukisema "mtoto amechelewa kuongea" tunafunga mambo matatu kwenye kitenge kimoja: kuelewa, kutamka, na kutaka kuwasiliana na watu. Mtoto anaweza kuwa na moja akakosa jingine. Wangu ukimwambia "kalete kandambili za baba" alikwenda akaleta zote mbili, hata kama moja imejificha uvunguni. Akitaka maji alinivuta khanga na kunyoosha kidole kwenye jagi. Kuelewa kulikuwepo na hamu ilikuwepo, neno ndilo halikutoka. Mtoto asiyenyoosha kidole, asiyegeuka akiitwa jina, asiyekuletea kitu ili tu mkione pamoja, habari yake ni nyingine, hata kama anaimba herufi zote za Kiingereza kwa mpangilio.

Masikio hutangulia

Mtoto mchanga huja duniani akiwa tayari kwa lugha yoyote. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, wakiwa Kanada, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 kutoka nyumba za Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazitofautishi kabisa. Wakikaribia mwaka mmoja uwezo huo huwa umefifia. Sikio limeshachagua kwao ni wapi. Ndiyo maana "ng'" ya "ng'ombe" inamtoa jasho mgeni mzima aliyekuja kujifunza Kiswahili, wakati mtoto wetu anayetambaa anaisikia kama kitu cha kawaida tu.

Sasa sikio huchagua kwa kufuata nini? Hapo ndipo simu yangu ilipoumbuka. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 waliokuwa wakisikia Kiingereza tu nyumbani. Kundi moja lilikaa na mtu anayezungumza Kimandarini, akicheza nao na kuwasomea vitabu, mara 12 kwa jumla. Wengine waliletewa Kimandarini hichohicho kwa skrini, au kwa sauti peke yake. Waliocheza na mtu walizitambua sauti za Kimandarini. Walioletewa skrini na spika hawakupata kitu.

Kioo cha simu chenyewe hakina laana. Mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani waliwafundisha vitenzi vipya watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu. Waliofundishwa na mtu kwa simu ya video, mtu anayewaona na kuwajibu papo hapo, walivipata. Waliowekewa video iliyorekodiwa hawakuvipata. Kwa hiyo baba aliyeko Muscat akipiga WhatsApp jioni na kuzomeana na mwanawe juu ya nani ana ulimi mrefu, asihesabiwe kundi moja na katuni. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Mtu na video wanatofautiana kwa zamu. Mtu husubiri. Video huuliza "yuko wapi ng'ombe?" ikajijibu yenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo, na akifungua, haijui. Mwaka 2018 utafiti uliofanyika Boston kwa watoto 36 wa miaka 4 hadi 6 ulipima maneno waliyosikia nyumbani na zamu walizopata kwenye mazungumzo, kisha ukaangalia ubongo wao ukisikiliza hadithi. Kilichoendana na kazi ya sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha kilikuwa zamu, kuliko wingi wa maneno mtoto aliyomwagiwa. Mimi tangu siku nilipousoma utafiti huo nimeacha kuwa redio.

Mbona bibi zetu hawakucheza?

Swali hili huulizwa kila ninapogusia mambo haya, na ni swali zuri. Bibi gani alikaa sakafuni kucheza na mtoto? Alikuwa shambani. Watoto walisema, na walisema vizuri.

Ushahidi upo. Robert LeVine na wenzake waliishi na Wagusii wa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1970. Waliona akina mama waliobeba watoto wao, waliowanyonyesha usiku na mchana na kuwatuliza upesi mno wakilia, lakini wakizungumza nao kidogo sana, hata kuwakazia macho ilikuwa nadra. Watoto hao walikua wakisema Ekegusii kama watoto wote. Ukiyasoma haya kwa haraka utadhani zamu si kitu. Ukirudia utamwona omoreri, yule dada anayekabidhiwa mdogo wake ambebe na kumchezesha, na nyuma yake kundi zima la watoto wanaoshinda uani. Zamu zilikuwepo tele, ila hazikuwa na mama.

Leo omoreri yuko shuleni, na ndiko anakopaswa kuwa. Tuliobaki mjini tuna chumba na sebule, mama yuko dukani, baba yuko njiani, na dada wa kazi mmoja ana kazi za watu watatu. Runinga inawaka tangu chai ya asubuhi, na runinga ikiwaka hata watu wazima waliopo huongea kidogo. Nyumba ina sauti tele lakini hakuna anayemjibu mtoto. Kwa hiyo anayesema kucheza na mtoto ni desturi ya kuiga Wazungu, mimi namwona kama mtu aliyebomoa uzio wa makuti kisha akashangaa anayejenga wa matofali. Tunaziba pengo lililoachwa na kundi la uani.

Kiazi kimezama, limau limeelea

Vifaa vyangu vilikuwa beseni la kufulia, maji ya kina cha vidole vinne, kiazi, limau, kitunguu na kijiko. Midoli ya dukani ilikuwepo, ile inayoimba ukiibonyeza, lakini tatizo lake ni hilohilo, inaimba yenyewe. (Maji haya si ya kuachiwa mtoto hata dakika moja. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ambayo mkubwa asingeyafikiria mara mbili. Mkimaliza, mwaga.)

Siku ya kwanza niligeuka mtahini. "Hii nini? Sema kiazi. Sema ki-a-zi." Akanyamaza jii, akanitazama kama mtu aliyeitwa polisi, akaondoka zake. Siku ya pili nikajinyamazia mimi. Nikakaa upande wa pili wa beseni ili tuonane uso kwa uso, nikamwacha achague mwenyewe. Akashika kiazi.

"Kiazi," nikasema. Akakiachia. "Chubwi! Kimezama."

Akaangalia chini, akaniangalia mimi. Akachukua limau.

"Limau." Akaliachia kwa nguvu. "Chubwi! Limezama… aa, hilo, limeibuka! Linaelea."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tukarudia mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kurudia ndiyo raha ya mtoto, na ndiyo darasa lake. Kisha nikabadilisha kidogo. Nikakiinua kiazi juu ya maji na kumwambia, "Bado… bado…" halafu nikakiachia: chubwi! Tukafanya hivyo mara sita au saba. Mara ya nane nikasema "bado… bado…" nikakiachia, na neno lenyewe sikulisema. Nikahesabu moyoni mpaka kumi. Jaribu nyumbani kwako uone jinsi kumi ilivyo mbali. Ulimi wa mama unawasha. Nilipofika saba mdomo wake ukafunguka. "Bwi."

Neno la sita lilikuwa hilo.

Kwa nini "bwi," baada ya "ki-a-zi" ya jana kumkimbiza? Sababu moja ni kwamba hakuombwa. Nafasi iliachwa wazi naye akaijaza. Sababu nyingine iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Lugha yetu imejaa tanakali za sauti, maneno yanayobeba tukio kwenye sauti yake. Kitu huanguka pu, au tapwi kikiangukia matope. Mtu hulala fofofo, hujifunika gubigubi, hulowa chapachapa, hushika kitu ndi. Kule Japani, ambako lugha nayo ina utajiri wa namna hii, Mutsumi Imai na Sotaro Kita na wenzao walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka mitatu hushika kitenzi kipya kwa urahisi zaidi sauti yake inapofanana na tendo. Shuleni tanakali tulizikariri kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Kazi yake halisi inaanzia kwenye beseni na kitandani, unapomfunika mtoto gubigubi na shuka, ukasema neno lenyewe, ukasubiri.

Kuna jingine. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto hushika kwanza mahali penye mkazo. Ndiyo maana "ninataka" hutoka "taka," "viatu" hutoka "atu," na "nimemaliza" hubaki "liza." Kamil Ud Deen, mwanaisimu aliyewachunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, aliwakuta wakiacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi, vile vya nafsi na vya wakati, na kubaki na mkia wa neno. Huo ni mwendo wa kawaida. Mtoto ameukamata mkia wa samaki, usimpige kofi kwa kutoleta kichwa. Akisema "taka," unamrudishia zima kwa sauti ya kukubali: "Eeh, unataka. Unataka limau?" Akisema "gali," unajibu, "Eeh, gari! Gari linakuja." Hakuna "sema tena." Sauti ya "r" huwachelewea wengi, na "dh," "th" na "gh" zaidi, na bado wapo watu wazima wenye vyeo wanaosema "zahabu."

Beseni pia lilinifundisha ngeli, somo nililolichukia sekondari. Kiazi kimezama. Limau limezama, limeibuka. Vijiko vimezama. Hakuna aliyemweleza mtoto kwamba kuna ki-, li- na vi-, lakini masikio yake yanasikia kwamba kilichoanza na ki- kimerudi na ki-. Vitu viwili vikiwa mkononi, anaona kijiko hiki na vijiko hivi. Ukisema tu "hii, hii, hii" kwa kila kitu, kama tulivyozoea tukiwa na haraka, unamnyima hesabu hiyo.

Na vitenzi vyetu vingine huja na kinyume chake mgongoni: funga na fungua, funika na funua, kunja na kunjua, vaa na vua, anika na anua. Siku ya kufua ni karamu. Mtoto anakupa soksi, unaanika, jioni mnaanua, mnakunja, anakunjua yote uliyokunja, unalia kidogo moyoni, unasema "umekunjua!" na kukunja upya. Nguo zitasubiri.

Hodi, karibu

Niliendelea kutafuta michezo mpaka nikagundua kwamba utamaduni wetu umeijenga juu ya zamu tangu zamani. Hadithi haianzi mpaka "Paukwa!" ijibiwe "Pakawa!" Kitendawili hakitegwi mpaka mwenzako aseme "Tega!" Salamu nayo, "shikamoo" bila "marahaba" hubaki inaning'inia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kutegua kitendawili, ila anaweza kujifunza kwamba sauti yake inafungua kitu.

Tulianza na khanga iliyotundikwa mlangoni. Dada mtu anabaki nje: "Hodi!" Mimi na mdogo tuko ndani, tunasubiri, nasema "Karibu!" na khanga inafunuliwa. Siku ya tatu nilinyamaza kwenye zamu yetu, na mdogo akapiga kelele "Iibu!" kwa hasira, kwa sababu mgeni alikuwa amesimama nje muda mrefu bila adabu kutimizwa. Kwa mtoto wa miezi sita au saba khanga hiyohiyo inatosha kujifunika uso: mama yuko wapi? Huyu hapa! Kabla ya kuwa na maneno anajifunza kungoja, na kungoja ndiyo nusu ya mazungumzo.

Baadaye ukaja mchezo wa kujipikilisha, ambao watu wa Nairobi wanauita kalongolongo. Huu ndio mkubwa kuliko yote, na wazazi tunauvunja mara nyingi kwa sababu unachafua. Kizibo cha soda kikigeuka sufuria na mchanga ukageuka ugali, mtoto amefanya kilekile ambacho neno hufanya: kitu kimoja kimesimama badala ya kingine. Mimi sikuupanga. Dada yake alipanga viti viwili vya plastiki kimoja nyuma ya kingine, akajiweka dereva, na mdogo wake akapewa ukondakta. Nilikuwa jikoni nikisikiliza. "Gonga! Halafu sema twende." Akagonga kiti kwa kiganja, pa pa. Kimya. "Gari haiondoki mpaka useme." Kimya tena. Yule dereva wa miaka sita alikuwa na subira kuliko mimi. Alikunja mikono kwenye usukani ambao haupo. Pa pa. "Nde!" Gari likaondoka. Kazi ya ukondakta ina neno moja, linasemwa kwa sauti kubwa, na linaendesha gari zima. Sijaona mtaala wa watoto wadogo ulioandika jambo hilo vizuri zaidi.

Bibi yao alipokuja kututembelea alikuwa na mbinu yake. Humwita "mume wangu" kama bibi wote, kisha anamdai: "Mume wangu, leo umeniletea nini sokoni?" Anakinga kiganja na kubaki hivyo. Mtoto anaweka jani. "Ahaa, mchicha! Na chumvi?" Kiganja kinakingwa tena. Bibi huyu hajasoma utafiti wowote.

Vidokezo vya umri na mtego wake

Orodha za hatua za ukuaji zimejaa mitandaoni, nyingi zimetafsiriwa moja kwa moja. Kituo cha CDC cha Marekani, kile cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, kilipitia orodha yake mwaka 2022 na kuweka kila hatua kwenye umri ambao angalau watoto 75 kati ya 100 huwa wameifikia. Kwa kifupi: akiwa na miezi 9 anatoa mfululizo kama "mamamama" na "babababa"; wa miezi 15 anajaribu neno moja au mawili zaidi ya mama na baba; wa miezi 18, matatu au zaidi; wa miaka miwili anaunganisha maneno mawili; wa miezi 30 ana maneno kama 50; na wa miaka mitatu, watu wa nje wanamwelewa mara nyingi.

Kipimo cha "kuunganisha maneno mawili" kinasumbua kwetu. Kwa Mwingereza mtoto lazima atoe maneno mawili kusema kitu ambacho sisi tunakisema kwa moja. "Anakuja" ni sentensi kamili, ina mtu, ina wakati, ina tendo. Mtoto anayesema "mekuja" huku akionyesha mlango amefanya kazi kubwa, na orodha iliyotafsiriwa inamwandikia neno moja. Watu wa fani hii wanalijua tatizo hilo. Huko Kilifi, Katie Alcock na wenzake walitengeneza upya dodoso la maneno ya watoto kwa ajili ya Kiswahili na Kigiriama badala ya kutafsiri la Kiingereza, na wakawauliza wazazi kwa mdomo, kwa kuwa si wote wanaosoma. Kwa hiyo ukihesabu nyumbani, hesabu pia "taka," "liza" na "bwi." Sauti yoyote anayoitumia kila mara kwa kitu kilekile ni neno.

Suala la lugha nyingi nitalipita upesi. Nyumba yenye Kichaga cha bibi, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha shule haimchelewishi mtoto. Ukijumlisha maneno yake ya lugha zote hukuti upungufu, na kuchanganya "nipe water" si dalili ya kuchanganyikiwa. Wazazi wake nao huchanganya hivyohivyo. Kinachoharibu ni mzazi kuacha lugha anayoimudu na kumsemesha mtoto kwa Kiingereza cha maneno 40, kwa sababu mzazi huyo hana utani kwa lugha hiyo, hana hadithi, wala hawezi kugombana nayo. Mazungumzo yanakuwa amri tupu.

Wakati wa kwenda kliniki

Mchezo hautibu sikio. Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nilichelewa. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kugeuka mlango ukibamizwa na bado akakosa "s" na "f," na maji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara hayaumi wala hayatoi usaha. Kupiga funguo nyuma ya kichwa chake hakutoshi kuwa kipimo. Mtoto asiyetoa mfululizo wa silabi akiwa na miezi 9, asiyenyoosha kidole wala kutoa neno lolote akiwa na miezi 18, asiyeunganisha chochote akifika miaka miwili, au aliyekuwa akisema kisha akaacha (hili la mwisho kwa umri wowote na bila kungoja), apelekwe, na cha kwanza kiwe kupimwa usikivu. Kwa mtoto aliyezaliwa na uziwi mkubwa miezi ina thamani. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na vifaa hivyo vina manufaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo.

Kamba ya chini ya ulimi, ikiwa fupi mno, inaweza kusumbua kunyonya na pengine matamshi ya sauti fulani. Haimzuii mtoto kuwa na maneno. Aliyekosa maneno halafu akakatwa kamba atabaki bila maneno, tena na kidonda. Na babake kuchelewa ni kweli. Wengi wanaochelewa huja kuwafikia wenzao. Shida ni kwamba leo hakuna anayejua wako ni wa kundi gani, na kupimwa hakumnyimi chochote.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Lakini mlango wa kwanza ni muuguzi anayempima uzito kwenye kliniki ya mama na mtoto. Tanzania ilizindua mwishoni mwa 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inaweka kwenye meza moja lishe, afya, ulinzi, ujifunzaji wa awali na kile wanachokiita malezi yenye mwitikio. Mwitikio, yaani zamu. Ukiulizwa kama mtoto anakula, sema pia kama anaongea, hata usipoulizwa.

Wangu alikutwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili. Tukafuatilia miezi kadhaa mpaka yakakauka, na jioni beseni liliendelea. Siwezi kukwambia kilichofungua ulimi ni kipi kati ya hivyo, na daktari naye hakutaka kudanganya.

Ninachokumbuka ni jioni moja alipokuwa karibu na miaka miwili na nusu. Nilikuwa na haraka, maharage yanaungua, nikanyoosha mkono nichukue kiazi nikitumbukize tumalize. Akakiwahi. Akakiinua juu ya maji kwa mikono miwili, akanikazia macho, na kwa sauti yangu mimi mwenyewe akasema, "Bado."